Vijana wa Mweso na michezo ya uhusika: Madini yapo, lugha haipo

Ukitamka herufi RPG katika soko la Mweso, hakuna atakayedhani unazungumzia mchezo. Watu watageuka kutazama barabara. Huko, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Masisi na Walikale, RPG ni silaha ya kurushia roketi inayobebwa begani, na hata mtoto wa shule ya msingi anajua mlio wake.

Lakini herufi hizo hizo, kwa mamilioni ya watu wa Ulaya na Marekani, ni jina la aina ya michezo ya video wanayoipenda sana: michezo ya uhusika. Mchezaji anavaa maisha ya mtu mwingine, anampa jina na sura, anamchagulia la kusema na la kutenda, kisha anaishi na matokeo. Skyrim, The Witcher 3, Fallout, Mass Effect, Baldur's Gate. Skyrim peke yake, iliyotoka Novemba 2011, imeuza nakala zaidi ya milioni 60. The Witcher 3 ya mwaka 2015 imevuka milioni 50.

Mweso ni mji mdogo wa wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, kwenye barabara inayotoka Goma kupitia Sake na Kitshanga kuelekea Pinga. Wengi nje ya Kongo wameusikia kwa sababu ya hospitali yake, ambayo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limeisaidia kwa miaka mingi. Wengine waliusikia Januari 2024, wakati wa mapigano kati ya waasi wa M23 na vikosi vya upande wa serikali. Makombora yaliyoanguka mjini tarehe 25 mwezi huo yaliua karibu raia 20, na maelfu ya watu walikimbilia ndani ya uzio wa hospitali.

Kuzungumzia michezo ya video katika mji kama huo kunaweza kuonekana kama dhihaka. Hata hivyo, michezo bora ya aina hii inazungumzia mahali kama Mweso kuliko hata watengenezaji wake wanavyojua. Na kijana wa Mweso, ambaye angeielewa haraka kuliko kijana wa Warsaw au Chicago, ndiye asiyeweza kuifikia.

Mfungwa asiye kwenye orodha

Asili ya michezo hii haikuwa kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani unaohitaji karatasi, kalamu na dadu. Mmoja anasimulia, wenzake wanajibu: naingia pangoni, namdanganya mlinzi, nakimbia. Dadu zinaamua kama umefaulu. Mwaka 1981 Ultima na Wizardry zikaihamishia mantiki hiyo kwenye kompyuta. Mwaka 1998 ikaja Baldur's Gate ya kampuni ya BioWare ya Kanada, iliyoanzishwa na madaktari wa tiba, watu waliozoea zamu za hospitali.

Zipo pia RPG za Kijapani, kama Final Fantasy, na ni nzuri kwa namna yake. Ila mara nyingi huko shujaa ameshaumbwa, na hadithi inakwenda kwenye reli. Mila ya Magharibi imejengwa zaidi juu ya swali: wewe ni nani, na utafanya nini?

Skyrim inaliuliza swali hilo waziwazi katika dakika zake za kwanza. Mchezaji anaanza akiwa mfungwa juu ya mkokoteni, mikono imefungwa, anapelekwa kukatwa kichwa pamoja na waasi ambao pengine hata hakuwa mwenzao. Askari mwenye orodha anasoma majina. Anapomfikia mchezaji, jina halimo. Anamuuliza yeye ni nani, na hapo ndipo mchezaji anachagua kabila, sura na jina lake. Kisha kamanda anaamuru auawe hivyo hivyo, orodha au si orodha.

Kwa mchezaji wa Ulaya huo ni mwanzo wa kusisimua wa hadithi ya mazimwi. Kwa mtu aliyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani kati ya Sake na Mweso, akaulizwa anatoka wapi na ni wa kabila gani na mtu mwenye bunduki ambaye tayari ameshaamua jibu, hakuna kigeni ndani yake isipokuwa zimwi.

Vizuizi hivyo si hadithi za vijiweni. Taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini katika ripoti yake ya mwaka 2017. Kila anayesukuma chukudu lenye magunia ya viazi anavijua bila ripoti.

Velen, na kijiji kilicho chini ya mti

Kati ya michezo yote hii, ulio karibu zaidi na Masisi ni The Witcher 3, uliotengenezwa na kampuni ya CD Projekt ya Poland. Hapa mchezaji haumbi mtu mpya. Anakuwa Geralt, mwindaji wa majitu anayelipwa kwa kazi, ambaye wanakijiji wanamwita wanapomhitaji na kumtemea mate akishamaliza. Lakini uamuzi wote ni wa mchezaji.

Sehemu yake ya kwanza kubwa inapita katika nchi iitwayo Velen. Majeshi mawili yamepigana humo, na hakuna lililoitawala vizuri. Mashamba yameungua. Miti imebeba miili ya walionyongwa. Wanajeshi waliotoroka vikosini wamejificha vichakani na kupora wapita njia. Wanavijiji wanalima wakati hakuna risasi, au tuseme mishale, na wanajua kwamba chakula watakachovuna kitachukuliwa na atakayefika kwanza.

Mkubwa wa eneo hilo anaitwa Baron. Hakuna aliyemteua. Alikuwa askari, akakuta ngome ambayo mwenyewe ameikimbia, akaingia na watu wake na kujitangaza mtawala. Watu wake wanawapora wale wale anaosema anawalinda. Ni mlevi, amempiga mke wake, na mke na binti wamemkimbia. Halafu mchezo unafanya jambo ambalo filamu chache za vita zinathubutu: unamkalisha mchezaji mezani na mtu huyo kwa muda mrefu, mpaka kumchukia kunakuwa kugumu na kumsamehe kunakuwa kugumu zaidi.

Wasomaji wa Masisi hawahitaji kuelezwa Baron ni nani. Kila bonde limewahi kuwa na wake, na cheo chake kimebadilika kulingana na miaka: jenerali, kanali, mwenyekiti wa kikundi cha kujilinda.

Katika mkasa huo kuna roho iliyofungwa chini ya mti mkubwa. Inaomba ifunguliwe, na inaahidi kuwaokoa watoto yatima ambao wachawi watatu wa kinamasi wanataka kuwala. Mchezaji akiifungua, watoto wanaokoka kweli. Lakini roho hiyo inakwenda kuangamiza kijiji kizima kilicho jirani, mke wa Baron anakufa, na Baron mwenyewe anajinyonga. Mchezaji akiiua roho, kijiji kinabaki salama, watoto wanapotea, mke anabaki hai bila akili zake, na Baron anamchukua kwenda kumtafutia mganga milimani.

Hakuna jibu sahihi. Tena matokeo hayaonekani hapo hapo. Yanakuja saa kadhaa baadaye, mchezaji akiwa ameshasahau alichochagua, na mchezo hausemi kama umekosea. Watu wamekuwa wakibishana juu ya mti huo tangu mwaka 2015 na hawajakubaliana.

Huo ndio mvuto halisi wa michezo hii. Michoro mizuri inapatikana hata kwenye mchezo wa kandanda, na panga na majitu ni mapambo. Kinachomkamata mtu mpaka saa nane za usiku ni kuona kwamba neno alilosema limebaki, kwamba kuna mahali ulimwengu umeliandika.

Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 inafanya hivyo kwa unyenyekevu zaidi. Mchezaji ni tarishi aliyepigwa risasi ya kichwa na kufukiwa shimoni, kisha akaokolewa na kutibiwa na daktari wa kijiji kidogo cha jangwani, Goodsprings. Mara tu anapopata nguvu, genge la wafungwa waliotoroka linakuja kumtaka mfanyabiashara aliyejificha hapo. Mchezaji anaweza kulisaidia genge. Anaweza pia kuwaunganisha wanakijiji: mwenye duka atoe mavazi ya kujikinga, daktari atoe dawa, mzee mchimbaji atoe baruti zake, kila mmoja kwa sharti lake. Mwisho kabisa wa mchezo, baada ya vita vikubwa vya bwawa la umeme kati ya dola zinazogombea eneo hilo, sauti inaeleza nini kilitokea kwa kila mji mdogo. Goodsprings inatajwa pia. Watu wake wachache wanahesabiwa katika matokeo ya vita vya wakubwa, jambo ambalo taarifa za mazungumzo ya amani mara nyingi husahau kulifanya.

Haya yasemwe bila kuipamba michezo hii kupita kiasi. Mingi imejaa kazi za kuchosha, nenda kalete ngozi kumi za mbwa mwitu. Mass Effect iliwaahidi wachezaji kwamba maamuzi yao yangebebwa katika sehemu zote tatu, kuanzia 2007 hadi 2012, na kwa kweli yalibebwa, mpaka dakika za mwisho zilipowapa karibu wote mwisho unaofanana. Wachezaji walikasirika kiasi kwamba kampuni ililazimika kutoa nyongeza ya kufafanua mwisho huo. Hasira yao ilikuwa ya haki. Walikuwa wameaminishwa kwamba uamuzi una uzito.

Kilichotoka kwenye vilima

Kuna uhusiano mwingine kati ya Masisi na michezo hii, na huu umeandikwa sana. Katika wilaya hiyo hiyo ya Masisi kuna Rubaya, machimbo ya koltani yanayokadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Tantalamu inatengenezewa vijenzi vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000, mwaka ambao PlayStation 2 iliingia sokoni, bei ya madini hayo ilipaa mara kadhaa na vilima vya Kivu vikajaa wachimbaji na wenye bunduki. Wanaharakati waliviita baadaye vita vya PlayStation.

Jina hilo lina chumvi nyingi. Vita vilikuwapo kabla ya mashine hiyo, na simu za mkononi zilichangia mahitaji hayo pia. Lakini mlolongo wenyewe ni wa kweli na haujakatika. M23 ilipoiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba inakusanya takriban dola 800,000 kila mwezi kutokana na kodi za koltani.

Tatizo ni kwamba mjadala huo huishia hapo. Kijana wa Masisi anatajwa kwenye habari za michezo ya video kama mchimbaji tu, mtu wa kuonewa huruma kwenye mwanzo wa mnyororo. Upande wa pili wa mnyororo huo, ambako kuna mtu amekaa akicheza, hatajwi kabisa, kana kwamba haiwezekani mtu mmoja awe pande zote mbili.

Kwa nini kandanda inashinda

Goma na miji mingine ya Kivu yenye jenereta au sola ina vibanda vya PlayStation tangu zamani. Kinachochezwa humo ni kandanda. Si kwa sababu vijana hawapendi hadithi. Sababu ni hesabu: kibanda kinalipisha kwa mechi au kwa dakika, na mechi ya kandanda ina mwanzo na mwisho unaojulikana, watu wawili wanacheza, wanane wanatazama na kubishana, mwenye kibanda anapata faranga zake.

The Witcher 3 inahitaji kama saa 50 kumaliza hadithi kuu tu, na zaidi ya 100 kwa anayetaka kuona kila kitu. Hakuna anayeweza kulipia saa 50 kibandani. Hata akiweza, mchezo wa uhusika unadai kitu ambacho kibanda hakiwezi kuahidi, nacho ni kuhifadhiwa. Lazima safari yako ya jana ikusubiri kesho pale ulipoiacha. Kwenye mashine ya kukodi, kesho yake mwingine ameshafuta. Na katika mji ambao watu wake wamekimbia na kurudi, wakakimbia tena, huenda mashine yenyewe isiwepo.

Kisha kuna ukubwa. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, mchezo bora wa mwaka huo kwa tuzo nyingi, inahitaji nafasi ya gigabaiti 150. Anayenunua mega za simu kwa siku hawezi hata kuanza kuupakua.

Mlango wa simu ndio ulio wazi kidogo. Baldur's Gate ya kwanza ipo kwenye simu za Android tangu 2014. Star Wars: Knights of the Old Republic ipo pia, na Planescape: Torment, ambao wengi wanauhesabu kuwa mchezo wa uhusika ulioandikwa vizuri kuliko yote, ulifuata 2017. Ni michezo ya zamani, midogo kwa kipimo cha leo, na ukishaiweka inachezwa bila intaneti. Simu ya kawaida ya bei nafuu inatosha, na safari inahifadhiwa mfukoni mwa mchezaji mwenyewe, hata akiwa kambini.

Kinachobaki ni lugha, na kwa michezo hii lugha ndiyo mchezo. Kandanda inachezwa bila kusoma neno. Disco Elysium ya mwaka 2019, ambayo karibu haina mapigano, ina takriban maneno milioni moja, na kila kitu kinaamuliwa kwa mazungumzo. Mchezaji asiyeelewa sentensi anayoichagua hachagui chochote. Baadhi ya michezo hii ina Kifaransa, na hiyo inamsaidia aliyemaliza sekondari. Mashariki mwa Kongo, hata hivyo, mtoto anafundishwa kusoma kwa Kiswahili katika madarasa ya mwanzo, na vita vimewatoa wengi shuleni kabla Kifaransa hakijakomaa.

Wapo watakaouliza kama ni busara kuwapa michezo ya vita vijana waliokulia vitani. Swali hilo lina uzito, hasa mahali ambapo vikundi vyenye silaha vimekuwa vikiandikisha watoto. Lakini hii ni aina ya mchezo ambao, katika mifano yake bora, unaruhusu kuweka silaha chini. Katika Fallout ya kwanza ya 1997, adui mkuu anaweza kushindwa kwa hoja: mchezaji anamletea ushahidi kwamba jamii mpya anayoijenga kwa nguvu haiwezi kuzaa, na yeye mwenyewe anakubali kwamba alichofanya kilikuwa bure. Anayecheza mchezo wa kufyatua risasi hapewi kitufe cha kuzungumza. Kwa sehemu kubwa, ni kweli, wachezaji bado wanachomoa upanga. Angalau hapa wamechagua kuuchomoa.

Wengine watasema Mweso inahitaji amani, dawa na barabara kwanza. Inavihitaji. Ila hakuna anayemwambia kijana wa Kyiv asicheze mpaka vita viishe. Na wapo waliotoka katika hali kama hiyo wakaenda mbali zaidi ya kucheza. Lual Mayen, mzaliwa wa familia ya Sudan Kusini iliyokuwa ikikimbia vita, alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 kupata dola 300 za kompyuta. Alitembea saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Kwa kompyuta hiyo alijifunza mwenyewe kutengeneza mchezo, akauita Salaam, na mwaka 2018 alitunukiwa kwenye jukwaa la The Game Awards huko Marekani.

Walikale ilikuwa na mchezo wake

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Walikale, jirani kabisa na Masisi, mzee aitwaye She-Karisi Rureke alimsimulia mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo. Ilichukua siku 12. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza, na wasikilizaji wakaitikia. Kitabu kilichapishwa mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene.

Anayejua michezo ya uhusika akisoma muhtasari wake atatabasamu. Mwindo anazaliwa akiwa tayari anatembea na kuongea. Baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, aliyeapa kwamba hataki mtoto wa kiume, anajaribu kumuua, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mwindo anaponea, anamfuata shangazi yake Iyangura, anapata washirika, akiwemo Nkuba, mwenye radi. Anarudi Tubondo na silaha yake ya ajabu, usinga wa kichifu. Baba anakimbilia kuzimu. Mwindo anamfuata huko, anapewa kazi moja ngumu baada ya nyingine na wenye kuzimu, anamshinda mungu kwenye mchezo wa kubahatisha, na mwishowe anamrudisha baba nyumbani.

Washirika, silaha yenye uwezo, majukumu, ulimwengu wa chini, kifo na kurudi, vyote vilikuwa Walikale miaka 18 kabla ya Gygax kuchapisha dadu zake. Siku 12 za Rureke pia ni saa nyingi, kama saa 50 za Wapolandi.

Hilo halina maana kwamba Wamarekani waliiba kitu. Maana yake ni kwamba mvuto wa michezo hii si mgeni kwa watu wa huko. Ni simulizi ndefu ambayo msikilizaji ana sauti ndani yake.

Wapolandi walianzia kwenye tafsiri

Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilithibitisha mwaka 2016 kwamba mchezo wa uhusika unaweza kutengenezwa Afrika ya Kati, kwa mikato ya umeme na yote. Aurion: Legacy of the Kori-Odan unamhusu mfalme anayepinduliwa siku ya kutawazwa kwake na shemeji yake, anayelazimika kusafiri pamoja na mkewe kutafuta nguvu ya mababu.

Lakini njia inayofaa kutazamwa na wanaozungumza Kiswahili ni ya Poland. CD Projekt ilianza mwaka 1994 kwa kuuza diski za michezo kutoka nje. Mwaka 1999 ilichukua Baldur's Gate, ule mchezo wa madaktari wa Kanada, ikautafsiri wote kwa Kipolandi na kuwaita waigizaji maarufu wa nchi hiyo kuweka sauti. Wapolandi wakaununua kwa wingi kwa sababu kwa mara ya kwanza mchezo mkubwa ulizungumza nao. Baadaye kampuni ikachukua visa vya mwandishi wao wa nyumbani, Andrzej Sapkowski, ikakodi mitambo ya programu ya BioWare na kutoa The Witcher ya kwanza mwaka 2007. Velen, pamoja na Baron wake, ni mjukuu wa kazi ya kutafsiri.

Kiswahili kimepita kwenye michezo ya video kwa milango ya ajabu. Mwaka 2005 Civilization IV, mchezo wa mikakati, ulifunguliwa kwa wimbo Baba Yetu wa Christopher Tin, sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Mwaka 2009 Resident Evil 5 ya Japani ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya watu walioambukizwa wanaomvamia mchezaji kwa mashoka, na ikawaita majini. Ilibidi kusubiri hadi Aprili 2024 ili shujaa mwenyewe akizungumze. Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa mapigano na kurukaruka ulioongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, umewekewa sauti zote kwa Kiswahili. Aliutengeneza kutokana na huzuni ya kufiwa na baba yake, na unamhusu mganga kijana anayefanya mapatano na mungu wa kifo ili amrudishe wake.

Mchezo mkubwa wa uhusika kwa Kiswahili bado. The Witcher 3 ina maandishi ya Kicheki na Kihungari, lugha zenye wasemaji kama milioni 10 hivi kila moja. Kiswahili, ambacho UNESCO inakitaja kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200, hakimo. Makampuni yatasema wasemaji si wanunuzi, na kwa leo wana haki ya kusema hivyo. Poland ya 1999 nayo ilikuwa imejaa nakala za wizi na watu wenye mishahara midogo.

Vyuo vya Goma, Dar es Salaam na Nairobi vina wanafunzi wa tafsiri wanaomaliza kila mwaka kwa kutafsiri sura za riwaya ambazo hakuna atakayezisoma. Mchezo mmoja wa zamani wa simu, wenye mazungumzo mengi, usiohitaji intaneti, ungekuwa kazi ya maana zaidi kwa kundi la watu kumi. Kazi yenyewe si rahisi. Mtafsiri atalazimika kuamua namna mwanakijiji anavyomwamkia mwenye bunduki, kama mtoto atamwita mgeni mjomba au mzee, kama mfungwa ataulizwa wewe nani au ninyi akina nani. Hayo ndiyo maamuzi ambayo yangefanya mchezo uwe wa watu wa Mweso badala ya kuwa Kiingereza kilichovikwa kanga.

Na baada ya hapo yupo Mwindo, ambaye hajatengenezewa mchezo unaolingana naye. Anapomleta baba yake kutoka kuzimu, Tubondo yote imekusanyika kuona atamfanya nini mtu aliyejaribu kumuua mara kadhaa. Katika simulizi ya Rureke, Mwindo alimsamehe, na nchi ikagawanywa kati yao. Kwenye simu ya kijana wa Mweso, kioo kingesimama hapo na kusubiri achague.